Nilivyofungua mabampa ya Benzi yangu ya 1994 uani

Bampa la nyuma la gari langu lilirudi kutoka gereji likiwa limeshikiliwa na waya wa kujengea. Nilikuwa nimelipeleka kupigwa rangi tu. Fundi alichomeka bisibisi bapa ubavuni, akakandamiza, reli ya plastiki inayobeba pembe ya bampa ikavunjika. Badala ya kuniambia, akafunga waya, akapiga rangi juu yake na kunikabidhi ufunguo. Niligundua siku ya tatu, bampa lilipoanza kugonga kila nikipita tuta. Tangu hapo mabampa nafungua mwenyewe, na anayepiga rangi nampelekea bampa tupu.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz E220, bodi ambayo kiwanda kinaiita W124. Sedani za bodi hiyo zilianza kutoka mwishoni mwa 1984, na Ujerumani wakaacha kuzitengeneza 1995, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote ina umri wa mtu mwenye watoto. Hilo ndilo la kukaa nalo kichwani kabla hujashika spana. Aliyeunda bampa hili alilipanga litoke kwa urahisi, boliti chache tu na reli za pembeni. Tatizo ni miaka. Plastiki imekauka, na kwa sisi tunaoishi Dar es Salaam, hewa ya chumvi imeshazitafuna nati zote za chini.

Kwa hiyo kazi yangu huanza usiku wa kuamkia siku yenyewe. Nalala chini na tochi, natafuta kila nati na boliti ninayoweza kuiona, nasugua kwa brashi ya waya, halafu napulizia mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi narudia. Kuna wanaotumia mafuta ya breki. Usithubutu, yanakula rangi ya gari kama tindikali. Wengine huchanganya asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Mchanganyiko huo unafanya kazi kweli, lakini asetoni hulainisha plastiki na rangi, na inashika moto haraka. Kwenye boliti ya injini sawa, karibu na bampa naiacha.

Soketi zako zikague mapema. Wengi wetu tumejifunzia kwenye Toyota, na boksi la vifaa limejaa 10, 12 na 14. Mjerumani wa enzi hizo anataka 10, 13, 17 na 19. Ukilazimisha 14 kwenye nati ya 13 utaivunja kona, na nati iliyovunjika kona kwenye uvungu wa bampa ni kilio cha siku nzima. Tafuta soketi zenye pembe sita, siyo kumi na mbili, kwa sababu zinashika vizuri nati iliyoliwa na kutu.

Klipu za plastiki nunua kabla hujaanza. Nilipata mfuko mzima kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, hapa Dar, na zile nilizotoa nzima hazikufika nusu. Nyingine hukatika ukizitazama tu. Saa ya kufanya kazi nayo ina maana yake: mimi huanza kuanzia saa sita mchana, gari likiwa limekaa juani, kwa sababu plastiki iliyopata joto hupinda kidogo, ila ya alfajiri hupasuka.

Nikianza, kwanza nachomoa waya hasi wa betri. Gari zenye vinyunyizio vya kusafishia taa zina mipira ya maji na nyaya huko mbele, na kwenye gari langu kihisi cha kipimajoto cha nje nacho kimebanwa kwenye bampa la mbele. Kisukume kwa kidole kitoke kwenye kishikio chake, usivute waya. Na kama gari lako ni la kati ya 1993 na 1995, ukifungua boneti usiguseguse nyaya za injini bila sababu. Zile za miaka hiyo zinajulikana, ganda lake hukauka na kumeguka kama chapati ya jana.

Kama itakubidi kuingia chini, jeki peke yake haitoshi, weka stendi. Halafu kagua pale unapopigia jeki, kwa maana sehemu za kuwekea jeki kwenye W124 ni kati ya zile zinazooza mwanzo, zikiwa zimejificha nyuma ya plastiki za ubavuni. Ukigonga kwa mpini wa bisibisi na bati likatoa sauti ya kadibodi, pigia jeki mahali pengine.

Bampa la mbele linafunguliwa kwa chini na kwa nyuma yake, ukishalegeza zile plastiki za ndani ya madigadi. La nyuma, nati zake ziko ndani ya buti, nyuma ya zulia na makadibodi ya pembeni. Huyo fundi wangu nadhani hata buti hakulifungua. Ukishatoa nati zote, bampa bado halianguki, kwa kuwa pembe zake zimeingia kwenye reli zilizofungwa ubavuni mwa bodi. Hapo ndipo mabampa mengi huharibikia. Mtu anaona upande mmoja umelegea, anauvuta kuelekea kwake, reli inakatika. Bampa la mbele linatoka kwa kwenda mbele tu, moja kwa moja, pande zote mbili kwa pamoja. La nyuma vivyo hivyo, kwenda nyuma. Kazi hii inataka watu wawili.

Mara ya kwanza nilimwita mpwa wangu. Tulihesabu, tukavuta, upande wangu ukaja na wake ukagoma.

"Mjomba, tupige nyundo?"

"Acha kwanza. Rudi buti ukaangalie."

Kulikuwa na nati moja nyuma ya mkanda wa sponji, wala hatukuwa tumeiona. Na yenyewe ilikuwa inazunguka pamoja na boliti yake. Nilibana boliti kwa praizi ya kujifunga kwa nje, yeye akazungusha soketi polepole ndani, mafuta kidogo, rudi nyuma nusu mzunguko, mbele tena. Ilituchukua karibu saa nzima, ile moja tu.

Boliti naziweka kwenye trei la mayai, kila shimo naliandika kwa kalamu mahali boliti ilikotoka. Picha nazipiga kwa simu kila hatua, hasa nyaya.

Bampa likishatoka, usikimbilie rangi. Nyuma ya bampa langu kulikuwa na udongo wa kupandia mchicha, umeshika unyevu kwenye bati kwa miaka mingi. Nilimwagia maji, nikaacha kukauke, nikakwangua kutu mpaka bati jeupe, nikapaka praima ya kuzuia kutu na rangi juu. Gereji hakuna atakayekufanyia hivyo, kwani hulioni na hujalilipia. Kama bampa lina ufa, geuza utazame kwa ndani. Ukibahatika utakuta herufi zilizochapwa kuonyesha aina ya plastiki, kama PP au ABS, na anayechomelea plastiki atajua atumie fimbo ya aina gani.

Mpiga rangi mwambie mawili. Atumie praima ya plastiki chini, la sivyo rangi itabanduka kama ngozi ya kitunguu, na zile njia za reli kwa ndani azizibe kwa tepu. Namba ya rangi isome mwenyewe kwenye kibati kilicho mbele, juu ya rejeta, ni tarakimu tatu. Yangu ni 199, nyeusi yenye ubuluu, ambayo kwa macho tu kila mtu anaiita nyeusi, na ndiyo maana mara ya kwanza nilirudishiwa bampa lisilofanana na gari.

Kuhusu mabampa mapya ya faiba wanayouza, mimi sikushauri. Matundu hayalingani na utabaki na mwanya upande mmoja. La kwako lililopasuka likichomelewa vizuri linakaa sawa zaidi.

Kurudisha ni rahisi. Paka grisi kwenye nyuzi za boliti, silikoni kidogo kwenye reli, sukuma bampa lote kwa pamoja, ingiza nati zote kwa vidole kabla hujakaza hata moja. Simama hatua tatu nyuma, linganisha mwanya kushoto na kulia, ndipo ukaze.

Ule waya wa kujengea sikuutupa. Ndio unaofunga mlango wa banda la kuku.