Ziada Inapimwa na Nani?

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama serikali iruhusiwe, wakati wa dharura, kuchukua chakula ambacho mtu amejiwekea nyumbani. Mimi nauliza kwanza: nani atakayeamua kwamba hiki ni akiba na kile ni ulanguzi?

Waliokuwepo Tanzania mwaka 1983 hawahitaji kusimuliwa msako wa wahujumu uchumi, yaani waliotuhumiwa kuficha bidhaa na kulangua. Mama yangu alikuwa akidunduliza sukari kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Gunia lilikuwa limefika nusu, liko uvunguni, limefunikwa khanga kuukuu. Redio ikawa kila jioni inatangaza msako. Kisha mjumbe wa nyumba kumi akapita kutuambia mgambo wangekagua mtaa wetu. Usiku ule mama aliimwaga sukari yote chooni, kopo baada ya kopo, polepole, jirani asisikie. Kulipokucha, sisimizi walikuwa wametanda kama kamba nyeusi kutoka mlangoni hadi chooni. Mama akawa anawamwagia majivu huku macho yake yakiwa kwenye lango la ua. Hakuwa ameiba cha mtu! Mgambo hawakuja. Mama mdogo aliolewa, wageni wakanywa chai bila sukari.

Kwa hiyo nilikalia kiti hiki kuandika hapana. Lakini haki lazima isemwe: kuna walioficha bidhaa maghalani huku sisi tukipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri na kurudi mikono mitupu. Ndiyo maana Waziri Mkuu Sokoine, aliyeongoza msako ule, alipofariki Aprili 1984 mtaa mzima ulilia, na mama, yule yule aliyemwaga sukari, alilia kuliko wote.

Kilichotuumiza ni namna. Watu walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye, na mahakama maalumu ile haikuwa na wakili wala rufaa. Haki za raia ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, na leo ibara ya 24 inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili.

Basi nasema ndiyo, njaa ikiwa ya kweli serikali ichukue. Ianzie kwenye maghala ya biashara, itoe stakabadhi, ilipe. Kihenge cha kaya kisiguswe kwa kiasi cha kuifikisha mavuno yajayo, na kiasi hicho kiandikwe kwa kilo ndani ya sheria, kisiachiwe jicho la mgambo. Kisipoandikwa, jibu langu linarudi kuwa hapana.