Wasomaji Wanauliza: Chunusi, Cegua na usiku wa mazimwi mtaani

Toleo lililopita tulieleza Los Agüizotes, maandamano ya usiku ya mji wa Masaya, nchini Nikaragua, ambako kila Ijumaa ya mwisho ya Oktoba watu hujaa barabarani wakiwa na sura za mazimwi ya hadithi zao, wakifuatwa na matarumbeta na mienge. Barua zilizofuata, nyingi kutoka Mtwara, Mikindani, Lindi na Newala, zinaonyesha kwamba kuna mitaa inayotaka kuwa na usiku kama huo. Leo tunajibu zenye maswali ya kazi.

Sisi tutaanzaje kuigiza mazimwi ya watu tusiowajua? Watoto wetu hawajawahi hata kuyasikia. Na neno lenyewe, agüizote, lina maana gani?
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

Anzeni na neno hilohilo. Linatoka katika Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko: *ahuitzotl*. Katika masimulizi ya kale ya Meksiko huyo ni mnyama wa majini, mdogo kama mbwa, mwenye kiganja cha mtu kwenye ncha ya mkia. Kwa kiganja hicho humkamata anayesogea ukingoni na kumzamisha. Nikaragua neno likapanuka, likawa kila kitu cha kutisha usiku. Sasa mwambie mtoto wa pwani habari za kiumbe kinachovuta watu chini ya maji, uone kama hatakujibu kabla hujamaliza: chunusi! Basi mlango mnao tayari. Chunusi wenu atembee bega kwa bega na ahuitzotl, mmoja amevikwa nyavu kuukuu na mwani mkavu, mwingine ana mkia wa fito wa mita moja na nusu wenye glavu iliyojazwa matambara, na watazamaji wataelewa bila kipaza sauti.

Msibebe Nikaragua nzima. Chukueni wanne au watano. Cadejo ni mbwa wawili, mweupe humlinda anayetembea usiku na mweusi humdhuru, kwa hiyo msiwatenganishe. Padre sin Cabeza, padri asiye na kichwa, ni wa mji wa León. Wengi humhusisha na Askofu Antonio de Valdivieso aliyeuawa huko mwaka 1550. Vazi lake ni rahisi kuliko yote: mabega ya fito yaliyoinuliwa sentimita 30 juu ya kichwa cha mvaaji, kanzu nyeusi juu yake, na kitambaa chepesi kifuani cha kuonea. Cegua na mkokoteni wa mauti tumewatengea majibu yao hapa chini.

Kanuni yetu ni hii: kila zimwi liwe na alama moja inayosomeka kutoka mita 20 gizani, na sauti moja. Ukiweka pembe, damu, mabawa na meno kwenye sura moja, mtazamaji haoni chochote.

Mabinti wa kikundi chetu wanataka kuwa Cegua. Tumeona picha za nywele za plastiki na meno ya dukani, bei haishikiki. Kuna njia nyingine?
*Mama mlezi wa kikundi, Lindi mjini*

Mama, ipo, na ndiyo ya asili. Cegua ni mwanamke anayewavizia wanaume wanaozurura usiku kutafuta wanawake, na anayekutana naye hurudi nyumbani amepotewa na akili. Wanavyomsimulia Nikaragua, nywele zake ni nyuzi kama za katani, nguo yake ni majani, na meno ameyafunika kwa ganda la ndizi mbichi. Lindi hamkosi hata kimoja.

Nywele: nusu kilo ya singa za katani inatosha kichwa kimoja. Zichane kwa kitana kipana, gawa mafungu yenye unene wa kidole gumba na urefu wa mita moja, kisha shona kila fungu katikati yake kwenye kofia kuukuu, kuanzia utosini kushuka. Katani huwasha shingo, kwa hiyo mvaaji ajifunge kitambaa cha pamba kwanza. Nguo ya majani isiwe ya majani mabichi, maana hunyauka kabla ya saa mbili usiku. Majani makavu ya mgomba yaliyoshonewa kwenye kaniki kuukuu hudumu, na yanapokwaruzana mtu akitembea yana sauti yake.

Meno yanataka subira. Paka mikono mafuta ya kupikia kwanza, kwa sababu utomvu wa ndizi mbichi hautoki nguoni. Kata ganda upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 6 au 7, chora mistari ya meno kwa ncha ya kisu bila kutoboa, loweka dakika kumi kwenye maji yenye ndimu, kisha libanwe kati ya midomo na meno, upande wa kijani ukitazama nje. Mdomo hauwezi kufunga vizuri, na sauti hutoka nzito, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Hiyo ndiyo sauti ya Cegua, haihitaji maigizo zaidi. Ganda huanza kuwa jeusi baada ya muda, hivyo kila mmoja awe na vipande vitatu vya akiba kwenye maji ya ndimu. Watoto wadogo wasiwekewe kabisa, wanaweza kulimeza.

Jambo moja zuri la kuongeza: husimuliwa kwamba ukimmwagia Cegua punje za haradali hujikuta ameinama kuziokota, nawe ukapata nafasi ya kukimbia. Lindi tumieni ufuta. Mtoto akirusha punje anazoshika kwa vidole vitatu na zimwi likapiga magoti kuziokota, mtaa mzima utacheka.

Tulitengeneza vinyago vya magazeti kumi na viwili. Vinne vilipinda, vitatu viliota ukungu ndani, na vyote vina mikunjo. Tulikosea wapi?
*Kikundi cha vijana, Mikindani*

Mlikosea mahali patatu, na kila kasoro ina chanzo chake.

Mikunjo inatokana na vipande vikubwa vilivyokatwa kwa mkasi. Karatasi bapa haikai juu ya pua bila kujikunja. Chaneni kwa mkono vipande vya upana wa sentimita 3, na puani na kwenye macho sentimita 1. Ukingo uliochanwa una nyuzi, hivyo hujificha chini ya kipande kinachofuata, lakini wa mkasi hubaki mstari hata baada ya rangi.

Kupinda kunatokana na jua. Jua la Mikindani hukausha upande wa nje wakati wa ndani bado ni uji, na upande unaokauka kwanza huvuta mwenzake. Anikeni kivulini penye upepo, kinyago kikiwa bado juu ya kalibu, yaani umbo mnalolibandikia karatasi, na jua likizama kiingizwe ndani kabla ya umande. Msikitoe kwenye kalibu siku ya pili kwa haraka ya kukiona. Kitoeni kikishatoa sauti ya *ko ko* ukikigonga kwa kucha.

Ukungu unatokana na kupaka rangi ya mafuta wakati ndani kuna maji. Rangi hiyo hufunga kama mfuniko. Kipimo ni shavu lako: likandamize kwenye upande wa ndani, na ukisikia ubaridi ujue maji bado yanatoka. Subiri siku nyingine.

Sasa kazi yenyewe. Kalibu iwe ya udongo wa mfinyanzi, imefunikwa plastiki laini ili kinyago kisigande. Uji wa gundi: koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, koroga dakika tatu au nne mpaka ung'ae, ongeza vijiko viwili vya siki, uache upoe. Wengine hutia chumvi ili usioze. Kwetu pwani msitie, chumvi hunyonya unyevu wa hewa na kinyago hakikauki. Unga wa muhogo nao unafaa.

Tabaka mbili za kwanza ziwe za gazeti. Tatu zinazofuata ziwe za karatasi za mfuko wa saruji, lakini zile za katikati ambazo hazikugusa saruji, zifikichwe na kulowekwa dakika 20 zilegee. Hapo ndipo nguvu ya kinyago inapotoka. Malizeni na tabaka mbili za gazeti. Pumzisheni kila baada ya tabaka mbili mpaka zikauke. Mtu anayebandika saba kwa mkupuo anatengeneza shamba la ukungu. Mwisho msasa laini, rangi nyeupe ya maji ndani na nje mara mbili, kisha rangi za sura. Msipoziba ndani, mende watakula uji huo kabla ya sherehe.

Hesabuni wiki mbili kwa kinyago, na msianze Oktoba. Wakati huo mikono mingi ipo mashambani kuokota korosho.

Joto ndani ya kinyago halivumiliki. Mchezaji wetu alikaribia kuzimia.
*Msomaji, Masasi*

Tumieni wavu wa madirisha, ule wa chuma, kama wanavyofanya mafundi wa Nikaragua kwa sura za ngoma zao nyingi. Kata kipande cha sentimita 35 kwa 35, ukandamize polepole juu ya kalibu ngumu ya mbao kwa kijiko cha mbao, ukianzia puani kwenda pembeni. Kunja ukingo mara mbili na uushonee kitambaa, la sivyo utachana mashavu. Paka rangi ya mafuta kwa brashi nyembamba, na kabla haijakauka puliza kutoka ndani ili matundu yabaki wazi. Kwa mbali utaona uso wenye masharubu, kwa karibu mvaaji anaona njia na anapumua. Wavu wa plastiki haufai, haushiki umbo.

Mwanasesere wetu mrefu anaanguka mbele kila akizungushwa.
*Fundi seremala, Mtwara*

Bila kukiona tunaamini kichwa ni kizito. La Gigantona wa León, bibi mkubwa anayecheza kwa ngoma akiwa na kibeti mwenye kichwa kikubwa pembeni yake, anategemea kichwa chepesi. Kwa umbo la mita 3, kichwa kisizidi kilo 2 na lote kilo 12. Fremu iwe mianzi minne na pete tatu, ya chini ikiwa pana kuliko zote. Mzigo ulale mabegani kwa mikanda miwili yenye sponji, usishikwe kwa mikono. Mikono ya mwanasesere iwe mitupu, viganja tu vijazwe matambara, ili azungukapo ipepee. Pasueni nyuma ya gauni mahali pawili ili upepo wa bahari upite. Mbebaji abadilishwe kila dakika 10, na njia ikaguliwe mchana: mkikuta waya wa umeme ulioshuka, badilisheni njia, msiuinue kwa mti.

Je, tunaweza kutoa midimu yetu iandamane pamoja na hayo ya Nikaragua?
*Mzee, Newala*

Shikamoo, Mzee. Jibu letu ni hapana, isipokuwa wazee wenye mila waseme wenyewe ndiyo, na waseme ni ngoma ipi na nani avae. Midimu ni vinyago vya jando, na kinyago cha jando kina wakati wake na watu wake. Cha Cegua kimetengenezwa ili kila mtu akione. Kuvichanganya ni kukivua cha kwanza heshima yake. Tumeshaonja uchungu wa kinyago kutolewa mahali pake: kile cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kilirudi kutoka jumba moja la makumbusho la Geneva mwaka 2010 tu.

Ufundi wa Kimakonde ni jambo jingine, huo uazimwe bila woga. Lipiko, kinyago cha Wamakonde wa upande wa Msumbiji, hufunika kichwa chote na huvaliwa limeinamia nyuma, mchezaji akichungulia kupitia mdomo. Mkifanya hivyo, macho ya zimwi hayahitaji kutobolewa, na mchezaji anaona barabara aendako.

Mkokoteni wa mauti tuutengeneze vipi, na je, tutumie mienge? Kibali kinatoka wapi?
*Kamati ya mtaa, Mikindani*

Kibali kwanza. Muoneni afisa utamaduni wa halmashauri na ofisi ya serikali ya mtaa mapema. Polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, ikitaja njia, saa na wasimamizi. Barabara ya kufungwa iulizwe kwa wanaoihudumia, TARURA au TANROADS.

Mienge ya mafuta ya taa hatuipendekezi karibu na katani, na maganda ya korosho msiyachome kabisa: mafuta yake huunguza ngozi na moshi wake huwasha macho. Taa za sola ndani ya vibuyu vilivyotobolewa zinatosha. Mkilazimika kuwa na moto, uwe mbele, mita 5 kutoka kwa vazi lolote la nyuzi, na ndoo mbili za mchanga.

Carreta Nagua ni mkokoteni unaopita usiku wa manane kutangaza kifo, ukivutwa na ng'ombe waliobaki mifupa na kuendeshwa na mauti aliyevaa sanda. Mkokoteni wa kawaida wa sokoni unafaa. Ng'ombe ni watu wawili wenye kaniki, mbavu zimechorwa kwa chokaa. Kazi kubwa ni sauti. Pigilieni misumari minane kwenye mzunguko wa gurudumu na mfunge ubao mwembamba unaoigusa: kila msumari unapopita, *ta!* Ongezeni mnyororo ndani ya debe, si kwenye lami, maana hutoa cheche.

Na husimuliwa kwamba mkokoteni huu hauwezi kukata kona kwenye njia panda. Ukifika hapo hutoweka, kisha husikika mtaa mwingine. Fanyeni hivyohivyo. Andaeni debe la pili na mtu wake kwenye mtaa wa nyuma. Mkokoteni ukifika njia panda, taa zizimwe, gurudumu lisimame, ufunikwe kaniki nzima. Mwenye debe la pili ahesabu kimoyomoyo hadi kumi, ndipo aanze kutikisa.