Kaa Mahali Pamoja Mpaka Mtindo Wako Ujitokeze

Vijana wengi wanaoanza kutengeneza filamu za hali halisi hapa Nairobi hukimbilia vifaa kwanza: droni, lenzi za bei, rangi kama za filamu walizoziona YouTube. Viweke kando kwa muda. Mtindo hutokana na jinsi unavyokaa na watu: unasimama umbali gani, unanyamaza kiasi gani, na kamera unaiacha iende kwa muda gani mtu akishamaliza kusema.

Mimi nilifunzwa na mafundi wa jua kali pale Kamukunji. Nyundo hazinyamazi kule, na ukimhoji fundi katikati ya kazi, maiki haishiki neno. Basi nikaachana na mahojiano, nikachuchumaa karibu naye, nikarekodi mikono: bati linakatwa, ukingo unakunjwa, jiko linaanza kupata kiuno. Chai ilipoletwa, mzee alianza kusimulia mwenyewe bila kuulizwa. Tangu hapo filamu zangu zimekwenda hivyo, kazi kwanza, maneno baadaye, na sauti yangu haisikiki kabisa.

Kwa hiyo tafuta mahali pamoja unapoweza kufika kwa matatu moja, na uwe unarudi. Mwanzoni watu wataigiza. Wakishakuzoea wataendelea na shughuli zao, na hapo ndipo utaanza kupata filamu. Tumia lenzi moja, ikulazimu kusogea wewe. Jua la saa sita Nairobi liko utosini na linatia giza machoni mwa watu. Rekodi asubuhi au jioni. Julai ikifika na mawingu yake, furahia, mwanga ni laini karibu kutwa nzima.

Kisha tazama picha zako zote kabla ya kukata chochote, sauti ukiwa umeizima. Andika ni wapi mkono wako ulikawia bila kuamriwa. Mimi naamini kazi hii ndiyo muhimu kuliko zote, na watu huipuuza. Softie ya Sam Soko, filamu ya Mkenya mwenzetu, ilituzwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2020 kwa uhariri wake. Mezani pa mhariri ndipo mambo mengi huamuliwa.

Ukipata kipande cha dakika tano, usikipandishe mtandaoni bado. Wapelekee waliomo, ukae nao wakitazama, uwaulize kama ulisogea mno.