Kabla hujaanza kazi hii, nunua kauntabuku

Wadogo zangu mnaoanza kujitolea huku kwetu kwenye mambo ya watoto wa kike na shule, semina mtapewa, mtafundishwa sheria, fomu, namba 116 ya kupiga bure kuripoti ukatili kwa watoto, dawati la jinsia la polisi liko wapi. Hili la daftari mara nyingi linatajwa mwishoni haraka haraka watu wanasubiri nauli, kwahiyo nawaambia mimi, maana ndo limenifanya niwepo mpaka leo mwaka wa sita wakati wengi niliyoanza nao Newala wameshaacha, na hawakuacha kwa uvivu, waliumia.

Mwaka wa kwanza nilikuwa naenda tu. Nasikia binti wa darasa la sita katoka unyagoni na tayari kuna mtu kapeleka barua, naenda. Mimba Tandahimba, napanda boda naenda. Usiku silali, chakula hakipiti, kwenye grupu la kata nagombana na kila mtu. Kuna dada mmoja muuguzi, mtu mzima, akaniambia mdogo wangu hayo andika, usiyalalie. Nikaandika kweli, kurasa nne nne za kulaumu, wazazi, makungwi, viongozi wote. Nikaanza kupata usingizi lakini kazi yenyewe ikabaki vilevile, mabinti walikuwa wanaolewa kama kawaida.

Kilichobadilisha ni kuandika kabla sijatoka nyumbani. Mstari mmoja tu, leo naenda kwa nani na nataka nini kitokee. Nikirudi, hata kama nimechoka, naandika kimetokea nini, mimi nimesema nini (maneno yenyewe niliyosema, sio niliyotamani kusema) na nini kimenikaa moyoni. Halafu Jumapili jioni nasoma ya wiki nzima. Hapo kwenye kusoma ndo penye kazi, msiparuke, daftari ambalo hulirudii linabaki kuwa mzigo mwingine tu ndani ya begi.

Niwape mfano. Msimu mmoja wa korosho nilikaa nikasoma ya miezi mitatu mfululizo, nikaona kesi zangu tano zimefia sehemu moja. Kila mara nilianza kwa mjomba wa binti, kwa heshima, si mnajua kwetu Wamakonde mjomba ndo mwenye neno, nikimaliza hapo nasubiri. Ndani ya siku mbili tatu binti kashapelekwa kwa bibi shambani kuokota korosho, simu haipatikani, mama anasema hajui kitu. Kumbe mimi ndo nilikuwa napeleka taarifa! Na ukiwafikiria wale watu unawaelewa, tangu sheria ya elimu ibadilishwe 2016 anayempa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela, na kijana mwenyewe mara nyingi ni mtoto wa jirani, wa ukoo uleule, kwahiyo wanaona bora wamalizane nyumbani. Nililia siku ile, siwafichi. Lakini kesho yake nikabadilisha utaratibu, kwanza afisa ustawi wa jamii, pili mwalimu mkuu, mjomba baadaye na siendi peke yangu. Nikaanza pia kubeba habari ya waraka wa 2021 unaoruhusu aliyejifungua arudi shule, maana nilikuta kwenye daftari kila mama ananiuliza swali lilelile, "sasa akishazaa ndo basi?", na mimi kila mara nilikuwa napita juu juu bila kumjibu.

Jambo lingine, msishtuke mkimaliza kuandika mnajisikia vibaya zaidi. Hii imepimwa, Marekani mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake waliwaambia wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walitoka pale na huzuni, ila miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika vitu vya kawaida. Kwahiyo weka saa, dakika 15 zikiisha funga, kapike, kaoge. Usiandike usiku wa manane ukiwa peke yako.

Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, mvua imekata barabara ya Dar pale Somanga, vitu vinapanda bei, vijijini hakufikiki, nilikuwa nakaa ndani naona kama kila kitu kinaniponyoka. Nikaandika yote yanayonitesa, nikaweka alama kwenye yale ambayo mkono wangu unafika. Yalibaki mawili, kuwapigia walimu wakuu wawili kuuliza nani hajaonekana darasani. Nikapiga. Hayo tu. Wiki ile nilihesabu kwamba nimefanya kazi.

Usiri sasa, hapa nawaomba sana. Jina la mtoto lisiingie kwenye daftari, wala kijiji, wala jina la baba. Mimi natumia majina ya miti, mkorosho, mwembe, mbuyu, na ufunguo uko kichwani. Simu msitumie kuandikia, simu zetu zinashikwa na watoto na mashemeji. Na mtu asije akasema hili ni daftari lake binafsi, kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, ila hata isingekuwepo, yule binti hajakuruhusu.

Kauntabuku ya kwaya mbili inatosha kuanzia. Na ukiona siku tatu mfululizo umeandika "nimechoka" bila kitu kingine, funga daftari mtafute mwenzako uso kwa uso. Mimi wangu yupo Masasi, tumekubaliana kila Jumapili saa moja usiku nampigia namsomea mstari mmoja, wowote ule, na yeye ananisomea wake. Nisipopiga mpaka saa mbili anapanda gari asubuhi, na ameshapanda mara mbili.