Mwanangu, kwenye 1995 sibanduki

Mwanangu, habari za huko. Meseji yako nimeiona, nikaona nisikujibu kwa mistari miwili. Umeuliza kwanini sisi tuliokaa Lincoln, mji wa chuo cha Nebraska, ikitajwa tu football ya Kimarekani ya vyuo lazima turudi kwenye Nebraska ya 1995 kama timu bora kuliko zote, wakati Miami ya 2001 ilitutandika sisi wenyewe 37-14 kwenye mechi ya ubingwa, Rose Bowl.

Kwanza hiyo Nebraska ya 2001 usinitajie, kocha wetu wa 1995 Tom Osborne kashastaafu, aliyepo ni Frank Solich, na kabla ya hapo walishapigwa 62-36 na Colorado, wala hawakustahili kuwepo pale. Ila ukisema mchezaji mmoja mmoja Miami ni wazuri zaidi hapo sibishi. Watu 38 wa kikosi kile waliitwa NFL, ligi ya kulipwa, kwenye drafti ambako timu zinachagua wachezaji wapya raundi kwa raundi, 17 kati yao raundi ya kwanza, Ed Reed, Andre Johnson, na Frank Gore wa watu anasubiri zamu yake!

Lakini mimi timu siipimi kwa walioenda NFL. Ile ya Tom Osborne kila mtu uwanjani alikuwa anajua watafanya nini na bado hawazuiliki. Ilikuwa opsheni tu, kwotabeki, yaani anayeongoza mashambulizi, Tommie Frazier anakimbia na mpira kuelekea pembeni macho kwa beki mmoja, beki akimjia yeye anamrushia mwenzake, beki akimfuata mwenzake yeye anapenya nao mwenyewe, basi, hivyo hivyo mpaka mnachoka. Mechi 12 wameshinda zote na hakuna aliyefungwa kwa tofauti ya chini ya pointi 14.

Fiesta Bowl, mechi ya ubingwa ya msimu ule, tarehe 2 Januari 1996, Florida ya kocha Steve Spurrier nao hawajafungwa msimu mzima, na robo ya kwanza wakaongoza 10-6, pale sebuleni watu kimyaa. Robo ya pili Nebraska wakatia pointi 29 we acha tu, ikaisha 62-24. Na ile mbio ya Frazier ya yadi 75 jamani, wanamdaka huku anachomoka, wanamrundikia anatokea upande wa pili, baba yako alipiga kelele jirani akaja kugonga. Na Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, walikuwa wameshampa Eddie George wa Ohio State. Haya.

Sasa nyie vijana mnamjua Frazier tu, mimi wangu ni Brook Berringer, kwotabeki wa akiba. 1994 Frazier alipata damu kuganda mguuni, Berringer akaingia, akaumizwa mpaka pafu likasinyaa na bado akarudi kucheza, na msimu ule hawakupoteza mechi hata moja, Orange Bowl wakaifunga Miami 24-17 kwotabeki wote wawili wakiwa wamecheza. Mwaka uliofuata Frazier kapona, Berringer akarudi benchi. Timu ambayo mtu wa aina hiyo anakaa benchi ndo naiita timu. Aprili 1996, siku mbili kabla ya drafti ya NFL, ndege ndogo aliyokuwa anarusha ikaanguka akafa, na Lincoln nzima ililia, hata wasiojua tachidauni, yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, ni nini.

Na siwezi kukusifia 1995 nikaruka la Lawrence Phillips, mkimbiaji wetu. Alikamatwa Septemba kwa kumpiga msichana aliyekuwa mpenzi wake, Osborne akamsimamisha halafu akamrudisha msimu haujaisha, na Fiesta Bowl akaanza na akafunga tachidauni tatu. Osborne alisema mpira ndo utamtuliza yule kijana. Mimi sikukubali siku ile na leo sikubali, na baba yako anajua tulivyogombana kwa hilo. Kwahiyo rafiki zako wa Miami wakitaka kunishinda waje na hoja hiyo, sio hiyo 37-14 yao.

Itafute hiyo mbio ya Frazier uhesabu waliomgusa, mimi napata saba baba yako anadai zaidi, nipigie jumapili tukiwa wote.

Mama