Kujaribu na kunuia kwa Kikorea: pitia Kiswahili chako, achana na Kiingereza

Wengi tunaojifunza Kikorea huku kwetu tunatumia vitabu na video za Kiingereza, sio kwa kupenda ila ndo vilivyopo, na haina shida sana mpaka ufike kwenye habari za kujaribu, kunuia, kupanga na kuahidi, hapo sasa Kiingereza kinakukoroga. Mimi kilichonisaidia ni kujiuliza kila mara "hivi hii mtaani ningeisemaje?" manake vitu vingi vya Kikorea tunavyo vilevile, sema hatujawahi kuviangalia kama sarufi. Mifano naandika kwa Hangul tu, yaani herufi zao Wakorea. Kama bado hujaijua nenda kajifunze kwanza alafu urudi, haichukui muda, na ukizoea kusoma Kikorea kwa herufi zetu hizi mbele utapata tabu.

Tuanze na -아/어 보다. 보다 peke yake ni kuona, ukiibandika nyuma ya kitenzi kingine inakua kufanya ili uone itakuaje. Kitabu kitakwambia 먹어 보세요 ni "jaribu kula", ambayo kwa Kiswahili inasikika kama unambembeleza mgonjwa. Sisi mtu tukimuwekea sahani mbele tunasema "hebu onja", na hiyo hebu ndo 보다 yenyewe. 입어 보세요 ya dukani, hebu vaa uone. 들어 보세요, hebu sikiliza. Kama anayekula ni mkubwa wako basi usiseme 먹어, sema 드셔 보세요.

Ukiipeleka wakati uliopita inageuka kuwa ile -wahi yetu. 김치 먹어 봤어요? Ushawahi kula kimchi? 한국에 가 봤어요? Ushawahi kwenda Korea? Ukiitafsiri "ulijaribu kwenda Korea" utadhani mtu kanyimwa viza. Kingine kidogo, 보다 haibandikwi kwenye 보다 mwenzake, ukitaka kumuuliza mtu kama ashawahi kuona filamu fulani tumia 본 적 있어요?

Sasa hapa ndo pa kutulia, kwa sababu hata Kiswahili chetu kinaficha kitu. Ukisema "nilijaribu kufungua mlango" mimi sijui kama ulifunguka au ulikataa. Mkorea anatenganisha. 문을 열어 봤어요, nilifungua nione kuna nini, yaani mlango ulifunguka, kilichokua hakijulikani ni kilichopo ndani. 문을 열려고 했는데 안 열렸어요, nilitaka kuufungua ukagoma. Kwenye 보다 kitendo kwa kawaida kimefanyika, kwenye -(으)려고 하다 kuna nia tu, kitendo chenyewe huenda hakikufika popote. Chukua simu. 전화해 봤는데 안 받아요, nimepiga, imeita, hapokei. 전화하려고 했는데... nilikua nataka kupiga, na hapo ujue kinachofuata ni kisingizio, salio liliisha, nilipitiwa na usingizi, nini na nini. Kwa mtu aliyekua anasubiri simu yako hizo sentensi mbili ni mbingu na ardhi, kwenye ya kwanza wewe huna kosa na kwenye ya pili unalo.

Na ukifungua kamusi kutafuta "jaribu" unaweza kupewa 시도하다. Ni neno sahihi kabisa, ila ni la habari na ripoti, mfungwa kajaribu kutoroka, mtu kajaribu rekodi mpya. Usilitumie kwa habari za kuonja supu.

Turudi kwa -(으)려고 하다 maana ina kitu kitamu. Vitabu vya Kiingereza vinaweka maelezo ya pembeni kwamba eti muundo huu ni wa nia lakini unatumika pia kwa vitu visivyo na nia, vinavyokaribia kutokea, na wanafunzi wa kizungu wanakuna vichwa. Sisi tunakuna nini? 비가 오려고 해요, mvua inataka kunyesha. 아기가 울려고 해요, mtoto anataka kulia. Mvua haina akili na bado kwetu inataka, kwa Wakorea pia inanuia, basi yameisha.

Kuiunda, shina likiishia na irabu au ㄹ unaweka -려고 (가려고, 만들려고), konsonanti nyingine -으려고 (먹으려고), na vile vitenzi vikorofi vinabadilika kama kawaida yao, 듣다 inakua 들으려고, 돕다 inakua 도우려고. Kwenye tamthilia utasikia sana 할려고, 갈려고, wakichomeka ㄹ isiyohusika. Ndo wanavyoongea, sikia tu upite, kwenye mtihani andika 하려고, 가려고. Na ukighairi kuna -(으)려다가 말다: 가려다가 말았어요, nilitaka kwenda nikaghairi. Mimi hii naipenda, ina uvivu flani hivi.

-(으)러 inafanana na -(으)려고 kwa sura na watu wanazichanganya. -(으)러 inaenda na vitenzi vya kwenda na kuja tu, 밥 먹으러 가요, naenda kula. Na ukitaka kumwambia mwenzio "twende tukale" ni hiyohiyo, 밥 먹으러 가자, pale -려고 haikubali kabisa, haipendi amri wala mialiko.

Alafu kuna -(으)ㄹ게요, ambayo kwa kusikiliza tu nimekuja kuiona kuwa ni "ngoja ni-" yetu. 제가 할게요, ngoja nifanye mimi. 먼저 갈게요, jamani mi natangulia. Ndani yake kuna mtu unayemwambia, ni kama unamwachia neno, ndo maana inatumika kwa "mimi" na "sisi" tu na haigeuzwi swali. Ukiwa unaeleza tu mpango wako, iwe anayekusikiliza unamhusu au haumhusu, ni 갈 거예요, nitaenda. Ukisikia inatamkwa kama 할께요 ni kweli inatamkwa hivyo, ila tahajia ni 할게요, kanuni za 1988 ndo zinavyotaka, na Wakorea wenyewe wanaikosea kila siku mtandaoni kwa hiyo usijione mjinga.

-(으)ㄹ래요 ni kutaka kwa watu mliozoeana. 커피 마실래요? Utakunywa kahawa? Kwa rafiki sawa, kwa bosi au mama mkwe hapana hata ukiweka hiyo 요 ya adabu mwishoni, kule sema 드시겠어요? Kujibu 안 할래요 ni "sitaki bwana", kwa hiyo angalia unamjibu nani.

-기로 했어요 ni neno limeshapita: nimeamua, au tumekubaliana. 내일 만나기로 했어요, tumepanga kuonana kesho, ukiisikia ujue kuna miadi na mtu mwingine anaijua. Ndugu yake mlegevu ni -(으)ㄹ까 해요, nafikiria ni-: 주말에 집에서 쉴까 해요, wikendi nafikiria nipumzike tu nyumbani. Hujaahidi chochote, ukibadili mawazo hakuna wa kukudai. Hii nayo ni ya kujisemea mwenyewe tu, usimsemee mtu mwingine.

Ukishazijua moja moja anza kuzipandanisha juu ya 보다, ndo Kikorea chako kinaanza kusikika kama cha mtu. 해 볼게요, ngoja nijaribu. 해 보려고 해요, nina mpango wa kujaribu. 해 보기로 했어요, nimeamua nijaribu. Mimi nilikua nachukua kitenzi kimoja naandika zote tatu, alafu pembeni Kiswahili cha mtaani, sio cha kamusi. Ila 생각해 볼게요 ichunge, kwa maneno ni "ngoja nifikirie", kwa vitendo mara nyingi ni ile "ntakucheki" yetu, kwa hiyo aliyekwambia hivyo usikae unasubiri.

Mwisho kwa wanaojiandaa na TOPIK II, ule mtihani wa Kikorea kwa wageni, wa ngazi ya 3 hadi 6. Kwenye insha nia inaandikwa kwa -고자 하다, 알아보고자 한다, yaani "nakusudia kuchunguza". Kwenye barua ya kuomba kazi ni 지원하고자 합니다. Mezani na marafiki usiilete, watakuuliza kama unahutubia.