Programu ya C++ inawaka kwenye laptopu, ikiitwa kwenye seva kwa SSH inakufa: tatizo ni lokali

Mkuu, ujumbe ulioubandika baada ya programu yako kufa kwenye seva, `locale::facet::_S_create_c_locale name not valid`, hausemi kwamba programu ni mbovu. Unasema jina la lokali (mpangilio wa lugha, nchi na usimbaji wa herufi) ambalo programu imepewa halipo kwenye seva hiyo. Ukishauriwa kuandika `export LC_ALL=C` ndani ya `.bashrc` (faili la mipangilio ya terminali yako), usiufuate ushauri huo. Unaficha kosa moja na kuleta jingine.

Programu ya C au C++ ikianza huwa kwenye lokali ya `C` (ile ya msingi, isiyo ya lugha yoyote), hata kama mashine nzima imewekwa Kiswahili. Inabaki humo mpaka msimbo wake uite `setlocale(LC_ALL, "")`. Hapo ndipo inapotazama vigeu vya mazingira ilivyorithi: kwanza `LC_ALL`, kisha kigeu cha kundi husika kama `LC_CTYPE` au `LC_NUMERIC`, mwisho `LANG`. Cha kwanza kisicho kitupu ndicho kinachoshika. Jina likikosekana kwenye mashine, `setlocale` hurudisha NULL (yaani imeshindwa) na programu huendelea na `C` kimya kimya. Perl nayo huendelea, ila hulalamika `Setting locale failed`. Lakini `std::locale("")` ya C++ hurusha kosa, na pasipo wa kulidaka programu inakufa hapo hapo.

Jina baya limefikaje kwenye seva? Mara nyingi limebebwa na SSH, ile njia ya kuingia seva kwa mbali. Debian na Ubuntu huwa na `SendEnv LANG LC_*` upande wa laptopu, na `AcceptEnv LANG LC_*` upande wa seva. Kwa hiyo lokali ya laptopu inasafiri nawe. Wenye Mac huja na `LC_CTYPE=UTF-8`, jina ambalo Linux hailijui kabisa.

Kwenye seva andika `locale`, kisha `locale -a`. Ya kwanza inaonyesha kilichoombwa, ya pili kilichopo. Thamani iliyo ndani ya alama za nukuu imetokana na kigeu kingine, na isiyo na nukuu imewekwa moja kwa moja. Kwa programu inayoendelea kukimbia, usiamini terminali yako, isome yenyewe (mahali pa `PID` weka namba ya programu hiyo):

`tr '\0' '\n' < /proc/PID/environ | grep -E '^(LANG|LC_)'`

Kuongeza lokali kwenye Debian au Ubuntu: `sudo apt install locales`, ondoa alama ya `#` kwenye mstari unaoutaka ndani ya `/etc/locale.gen`, halafu `sudo locale-gen`. Mstari wa Kiswahili umeandikwa `sw_TZ UTF-8` au `sw_KE UTF-8`, bila nukta katikati. Ukitafuta `sw_TZ.UTF-8` utadhani haupo. Kwa seva isiyohitaji lugha yoyote maalumu, `C.UTF-8` inatosha.

Sasa kuhusu `.bashrc`. Huduma za systemd (programu zinazowashwa na mfumo wenyewe) na kazi za cron (zinazoendeshwa kwa ratiba) haziisomi. Huduma iwekee `Environment=LANG=C.UTF-8` chini ya `[Service]` kupitia `systemctl edit`, kisha iwashe upya. Kwenye kontena andika `ENV LANG=C.UTF-8` ndani ya Dockerfile. `LC_ALL` iachie majaribio na amri moja moja, kama `LC_ALL=C sort`, kwa sababu inafunika vigeu vingine vyote.

Na hiyo `C` tupu ina hatari ambayo sisi tunaoandika Kiswahili huchelewa kuiona. Maneno yetu yote yanaingia ndani ya ASCII (herufi za msingi za Kiingereza), kwa hiyo majaribio yanapita. Siku inapokuja “ng’ombe” yenye ritifaa iliyopinda, Python 3.6 na za nyuma yake hufa kwa `UnicodeEncodeError`. Kuanzia 3.7 Python ikikuta `C` hujihamishia kwenye UTF-8 yenyewe, lakini ukiwa umeweka `LC_ALL=C` haiwezi tena kuwapa programu inazoziita lokali iliyo bora.

Baada ya hapo chunga namba, maana ndizo zinazoharibu data bila ujumbe wowote. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa, kama nyingi za Bukavu na Bujumbura, hutumia mkato kwenye desimali. Chini ya `fr_FR.UTF-8`, `atof("3.14")` inatoa 3. Msimbo wako hauna `setlocale`? Haitoshi: Qt huiita yenyewe kwenye Linux mara tu unapounda `QApplication`, na GTK vivyo hivyo (zote mbili ni maktaba za kujenga madirisha ya programu). libmpv, maktaba ya kucheza video, inakataa kabisa kuanza ikikuta `LC_NUMERIC` si `C`.

Kwa hiyo kwenye `main` funga `std::locale::global(std::locale("")) ` ndani ya `try`, daka `std::runtime_error`, na uache programu iendelee na lokali ya `C`. Mstari unaofuata uwe `std::setlocale(LC_NUMERIC, "C")`. Huo unalinda `atof`, `strtod` na `printf` tu. Kila `ofstream` au `ostringstream` utakayounda baadaye bado inafuata lokali mpya, na chini ya `en_US.UTF-8` itaandika 12500 kama `12,500` ndani ya CSV yako (faili linalotenganisha safu kwa mkato), safu moja igeuke mbili. Kwenye kila moja ita `imbue(std::locale::classic())`, inayoirudisha kwenye lokali ya `C`, kabla ya kuandika chochote.